Kuchagua Washairi wa Kusoma kwa Ajili ya Mtihani

(Somo la redio kwa wanafunzi watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa fasihi ya Kiswahili)

Shikeni kalamu na daftari zenu, maana leo kuna hesabu kidogo ya kufanya.

Leo tutazungumza habari ya ushairi, lakini hatutafundisha vina wala mizani. Mambo hayo yana somo lake. Leo twataka kujibu swali moja ambalo ni zito kwa mtu mzima anayesoma peke yake: kati ya washairi waliotajwa katika orodha ya mtihani, nisome nani, na nimwache nani?

Huenda mtu akasema, "Swali gani hili? Si asome wote!" Maneno hayo ni rahisi kwa mwanafunzi wa bweni mwenye mwalimu mbele yake na saa nyingi za kujisomea. Lakini wewe, ndugu msikilizaji, ni mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana uko kazini, au shambani, au sokoni. Jioni kuna watoto na kuna wageni. Saa yako ya kusoma ni ile nyumba inapotulia. Vitabu unanunua kwa fedha yako, na ada ya mtihani umeitoa mfukoni mwako. Tena mtihani huja mara moja kwa mwaka. Ukikosea, wangoja mwaka mzima. Basi kuchagua si uvivu. Kuchagua ni kutumia akiba ndogo kwa akili, kama vile mama wa nyumbani anavyogawa unga hadi mwisho wa mwezi.

Tuchukue mfano wa kweli. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu vya mtihani wa Kidato cha Sita nchini Tanzania ilikuwa na diwani nne za ushairi. Ya kwanza ni Mapenzi Bora ya Shaaban Robert. Ya pili ni Kimbunga ya Haji Gora Haji. Ya tatu ni Chungu Tamu ya Theobald Mvungi. Ya nne ni Fungate ya Uhuru ya Mohamed Seif Khatib. Mara nyingi swali la ushairi lilimtaka mtahiniwa atumie diwani mbili na kutoa hoja kutoka kila moja.

Kabla ya kuendelea, sikilizeni onyo. Orodha hubadilika. Mitaala mipya Tanzania imeanza kutumika hatua kwa hatua tangu mwaka 2024. Kwa hiyo usinunue kitabu hata kimoja kabla hujapata orodha inayohusu mtihani wako na mwaka wako, kutoka Baraza la Mitihani au katika kituo ulichojiandikisha. Nasi tunazitumia diwani hizi nne kama mwalimu wa hesabu anavyotumia machungwa: mwanafunzi akishajua kujumlisha machungwa, atajumlisha na maembe.

Haya, tuanze na hesabu.

Swali lataka diwani mbili. Ukisoma washairi wawili tu, una jozi ngapi? Moja. Swali likikubaliana na jozi hiyo, vema. Likikataa, huna pa kukimbilia. Ukisoma washairi watatu, una jozi tatu: wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa tatu. Ukisoma wote wanne, una jozi sita. Andikeni: wawili, jozi 1, watatu, jozi 3, wanne, jozi 6.

Sasa tuitazame saa. Tuseme umebakiwa na majuma 12 kabla ya mtihani, na kila juma waweza kuupa ushairi saa 4, maana riwaya na tamthiliya nazo zinangoja zamu yake. Hizo ni saa 48. Ukizigawa kwa washairi wanne, kila mmoja apata saa 12. Kwa watatu, kila mmoja apata saa 16. Kwa wawili, kila mmoja apata saa 24.

Mwaona shida iko wapi. Mwenye kusoma wanne ana jozi nyingi, lakini kila mshairi amemjua juujuu. Mwenye kusoma wawili amewajua sana, lakini amefunga milango mingine yote. Kwa mtu mwenye saa chache, njia ya katikati ndiyo salama: soma watatu. Wawili uwasome kwa undani kabisa, saa 18 kila mmoja; na wa tatu umsome vizuri kwa saa 12, awe akiba. Jumla ni 48. Mwenye nafasi kubwa zaidi na asome wote wanne, hakuna atakayemzuia. Lakini mwenye nafasi kama yako asishuke chini ya watatu.

Sasa swali kubwa: watatu gani?

Watu wengi huchagua kwa njia mbaya tatu. Wa kwanza huchagua kitabu chembamba. Wa pili huchagua kwa kusikiliza uvumi, kwamba mwaka huu mshairi fulani "lazima atatoka." Wa tatu huchagua kitabu ambacho rafiki yake anacho. Kitabu chembamba chaweza kuwa kigumu kuliko kinene, maana mshairi hubana maneno. Uvumi hauna mwenyewe. Siku ya matokeo hutamwona aliyeuanzisha. Na kitabu cha rafiki ni chema, kama ndicho unachokihitaji.

Njia iliyo bora ni kuuliza: maswali ya mtihani ni ya aina gani, na mshairi huyu aweza kunisaidia kwa aina zipi? Maswali ya ushairi, ukiyachunguza, hayatoki nje sana ya aina nne. Yapo yanayouliza dhamira, kama uongozi, mapenzi, nafasi ya mwanamke, au ujenzi wa jamii mpya. Yapo yanayouliza fani, yaani muundo, mtindo, taswira na tamathali za semi. Yapo yanayouliza kama jina la kitabu linaafikiana na yaliyomo ndani. Na yapo yanayouliza msimamo wa mshairi: anaitazamaje jamii yake, naye yuko upande wa nani?

Tuwachukue washairi wetu mmoja mmoja tuwapime kwa mizani hiyo.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika sehemu za Tanga, akafariki Juni 1962. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hesabu mwenyewe: aliishi katika nchi huru miezi michache tu. Basi swali likiuliza jinsi washairi walivyoieleza hali ya maisha miongo kadhaa baada ya uhuru, Shaaban si shahidi wako. Hakuwapo. Lakini swali likiuliza mapenzi, utu, wema na mwenendo wa watu, yeye ni hodari. Hata jina la kitabu chake latangaza hivyo. Kadhalika swali likiuliza ushairi wa kimapokeo, wenye vina na mizani, hutapungukiwa na mifano kwake.

Haji Gora Haji alizaliwa mwaka 1933 katika kisiwa cha Tumbatu, Zanzibar, akafariki mwaka 2021. Hakupata masomo marefu ya shule. Alisoma chuo cha Kurani, akafanya kazi za bahari na za uchukuzi, na ushairi wake umetoka katika maisha hayo. Yeye pia hutunga kimapokeo. Nguvu yake kubwa ni mafumbo. Shairi lililokipa kitabu jina linasimulia kimbunga kilichong'oa miti mikubwa. Msomaji aachiwa kazi ya kujiuliza ni kimbunga gani, na miti hiyo ni akina nani. Kwa swali la taswira na ishara, mshairi huyu ni hazina. Lakini jihadhari: baadhi ya maneno yake ni ya visiwani na ya baharini. Msomaji wa Dodoma au Songea ahitaji kamusi karibu, na saa chache za ziada. Zihesabu saa hizo kabla hujamchagua.

Theobald Mvungi ni mshairi wa Bara, na Chungu Tamu ilitoka mwaka 1985. Mwaka huo Mwalimu Nyerere alitoka madarakani, na nchi ilikuwa imepita katika miaka ya shida: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa bidhaa madukani. Mwanafunzi anayejua hayo atamsoma Mvungi kwa macho mengine. Na lile jina la kitabu, lenye mambo mawili yanayopingana, linafaa sana kwa swali la jina na yaliyomo: ni kipi kichungu, ni kipi kitamu, na kwa nini vimewekwa pamoja?

Mohamed Seif Khatib alizaliwa Zanzibar mwaka 1951, akawa mwanasiasa na waziri katika Serikali ya Muungano, akafariki mwaka 2021. Fungate ya Uhuru ilitoka mwaka 1988. Fungate, kama mjuavyo, ni siku saba za arusi, bwana na bibi arusi wakila na kutunzwa bila kazi. Sasa liweke neno hilo kando ya neno "uhuru." Ni nani aliye katika fungate? Nani anapika na kuteka maji nje? Na siku ya nane kutakuwaje? Mtu aliyelifikiri jina hilo kwa dakika tano tayari ana njia ya kuingilia swali la uongozi, na swali la matabaka.

Mmeona basi kwamba washairi hawa wamegawanyika. Shaaban Robert na Haji Gora Haji ni jozi nzuri kwa swali la sanaa ya kimapokeo na lugha. Mvungi na Khatib ni jozi nzuri kwa swali la jamii na uongozi baada ya uhuru. Hapa ndipo ilipo siri ya kuchagua. Usichague washairi watatu wanaofanana. Chagua wawili wanaofanya kazi ileile, ili uwe na jozi ya uhakika. Kisha ongeza wa tatu anayefanya kazi ambayo hao wawili hawaiwezi vema.

Kwa mfano, mwanafunzi aweza kumchukua Mvungi na Khatib kwa undani, na Haji Gora akawa akiba. Swali la uongozi likija, atumia wawili wa kwanza. Swali la taswira likija, amchukua Haji Gora pamoja na mmojawapo. Mwingine aliyekulia pwani, ambaye lugha ya bahari haimsumbui, aweza kuanza na Haji Gora na Shaaban Robert kwa undani, na Khatib akawa akiba kwa maswali ya siasa. Wote wawili wamechagua vizuri. Kila mmoja ameangalia swali, akajiangalia na yeye mwenyewe.

Ndiyo, kujiangalia ni jambo la maana. Kabla hujaamua, fanya jaribio hili. Azima vitabu vyote vinne kwa siku mbili tatu, maktaba au kwa wenzako. Katika kila kitabu soma mashairi matano kwa sauti. Ushairi wa Kiswahili ni wa kusikika; sikio litakuambia mambo ambayo jicho limeyapita. Baada ya kila shairi funika kitabu, uandike sentensi mbili kwa maneno yako mwenyewe: mshairi anasema nini, na anamwambia nani. Mwisho hesabu. Mshairi ambaye umeweza kumwandikia sentensi za maana kwa mashairi manne kati ya matano, huyo ni wako. Uliyemwandikia moja tu, mwache, au umngoje mpaka upate mtu wa kukusaidia. Huyo si mshairi mbaya, ila wewe una majuma 12 tu.

Yuko pia msaada ambao wengi husahau. Kama ulifanya mtihani wa Kidato cha Nne kwa orodha ya miaka iliyopita, huenda ulisoma Wasakatonge ya Khatib, au Mashairi ya Chekacheka ya Mvungi. Basi watu hao umekwisha kukutana nao. Sauti zao unazijua, na kazi yako itakuwa nyepesi kidogo. Lakini faida hiyo ina mtego ndani yake. Mtahiniwa wa Kidato cha Sita akiulizwa habari ya Fungate ya Uhuru, naye akaleta mfano kutoka Wasakatonge, hoja ile imepotea bure, hata kama imeandikwa kwa ufasaha. Mshairi ni yuleyule, kitabu sicho. Kwa hiyo katika daftari lako andika jina la kitabu juu ya kila ukurasa, wala si jina la mshairi peke yake.

Sasa tuseme umekwisha kuchagua. Daftari lipangwe namna gani? Kila mshairi apewe kurasa nne, moja kwa kila aina ya swali tulizotaja. Ukurasa wa kwanza, dhamira: andika sita, na mbele ya kila dhamira andika jina la shairi linaloionyesha, na maelezo mafupi ya jinsi linavyoionyesha. Ukurasa wa pili, fani: mifano sita ya namna hiyohiyo. Ukurasa wa tatu, maana ya jina la kitabu, na mashairi matatu yanayolithibitisha. Ukurasa wa nne, msimamo wa mshairi, na mashairi matatu ya kuutetea.

Kwa nini tunasisitiza jina la shairi? Kwa sababu hoja bila mfano ni kama kesi bila shahidi. Mtahiniwa aandikaye kwamba mshairi anapinga uongozi mbaya, kisha akanyamaza, hajamwonyesha msahihishaji kwamba amekisoma kitabu. Maneno hayo yaweza kusemwa juu ya washairi mia. Aliyesoma hulitaja shairi, hueleza kinachotokea ndani yake, kisha huonyesha jinsi kinavyohusiana na swali.

Hapa tuseme neno juu ya vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mitaani. Si vibaya vyote. Vinaweza kukuonyesha njia ukiwa umepotea. Lakini kijitabu kisitangulie diwani. Ukianza nacho, utaona katika shairi yale tu uliyoambiwa uyaone. Na swali likigeuzwa kidogo, utashindwa kugeuka nalo. Tena maelezo yaleyale yamekaririwa na watu wengi, na baadhi ya vijitabu vina makosa. Soma diwani kwanza, andika sentensi zako, ndipo ufungue kijitabu uone mlikubaliana wapi na mlitofautiana wapi. Mahali mlipotofautiana, rudi kwenye shairi lenyewe. Shairi ndilo hakimu.

Kadhalika, tumetaja miaka ya vitabu na mambo yaliyotokea nchini. Maarifa hayo ni taa ya kusomea. Usiyageuze kuwa jibu. Usiandike kwamba shairi fulani linahusu tukio fulani kwa sababu tu miaka imekaribiana. Onyesha maneno au picha ndani ya shairi inayokupa haki ya kusema hivyo. Usipoiona, liache.

Namna bora ya kujipima ni kutumia karatasi za mitihani iliyopita. Zichukue za miaka mitano, utazame swali la ushairi katika kila moja. Usiandike jibu zima, jiulize tu, "Kwa washairi wangu watatu, ningetumia jozi ipi?" Ukipata jozi kwa maswali yote matano, uchaguzi wako ni imara. Ukikwama mara mbili au zaidi, badilisha mshairi mmoja mapema, wakati majuma yangalipo. Zipo pia taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa. Zisome, ndani yake utaona majibu yaliyofaulu na yaliyoanguka, pamoja na sababu zake.

Tufupishe, kisha tumalize. Kwanza, pata orodha ya mwaka wako. Pili, chagua washairi watatu: wawili wa undani na mmoja wa akiba. Tatu, wapime kwa aina za maswali, wala si kwa unene wa kitabu au uvumi wa mtaani. Nne, wapime kwa sikio lako na uelewa wako. Tano, uandae mifano yenye majina ya mashairi.

Na ukishafanya mtihani, ndugu yangu, usimsahau yule mshairi wa nne uliyemwacha. Aliachwa kwa sababu ya uhaba wa saa, hakukosa thamani. Mtihani huisha kwa saa tatu. Kitabu chake kitakungoja.

Kazi ya juma hili ni hii. Kwanza: soma mashairi matano kutoka kila diwani iliyo katika orodha yako, kwa sauti, uandike sentensi mbili kwa kila moja. Pili: andika majina ya washairi wako watatu, na mbele ya kila jina sababu moja ya kumchagua. Tatu: chukua maswali matano ya miaka iliyopita, uandike jozi utakayotumia kwa kila moja. Walio katika vikundi wabadilishane madaftari na kukosoana kwa upole.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaonyesha jinsi ya kuandika aya moja ya jibu kutoka katika shairi moja.